Mafundisho ya Nyumbani: Jicho Linalochongoka



Mwezi huu tumeletewa barua na mwalimu mmoja wa bara, nasi tumeona yafaa tumjibu hapa mbele ya wote kuliko kumjibu peke yake, kwa kuwa jambo analoliuliza limo katika nyumba nyingi kuliko watu wanavyodhani. Asema kwamba katika darasa lake la sita yumo mvulana aliyekuwa akisoma vema hata mwaka juzi. Sasa huinamia kitabu mpaka pua yake yagusa karatasi, na ubaoni hawezi kupambanua 3 na 8. Wazazi wake wamemnunulia miwani mara tatu katika miezi kumi na minane, na kila miwani humfaa kwa miezi michache tu, kisha hulalamika tena. Mchana kutwa huyafikicha macho kwa vifundo vya vidole. Baba yake asema ni uvivu. Bibi yake asema yuko mtu aliyemtupia jicho la husuda. Na wenzake wamempa jina la utani ambalo mwalimu hakupenda kuliandika. Mwalimu auliza: Je, ni ugonjwa gani huu, na je, una dawa?

Jicho halipimwi kwa barua. Walakini ishara hizi zikikutana kwa kijana wa umri ule, yaani miwani isiyodumu, maandishi yanayoonekana kama yana vivuli, na kufikicha macho pasipo kukoma, basi uko ugonjwa mmoja ambao yatupasa kuufikiri upesi. Madaktari huuita keratokonasi. Jina hili limetoka katika Kiyunani, na limeungwa kwa maneno mawili: la kwanza ni pembe, la pili ni kitu chenye umbo la pia ya kuchezea watoto, kipana nyuma na chembamba mbele. Sisi katika ukurasa huu tutauita ugonjwa wa jicho linalochongoka, maana ndivyo ulivyo.

Twaharakisha kuandika kwa sababu moja. Ugonjwa huu una wakati wake. Kuna kitambo ambacho daktari aweza kuusimamisha mahali ulipofika, usiendelee tena. Kitambo hicho kikipita, yaliyobaki ni kuishi nao kwa msaada wa vyombo, au kukatwa jicho na kutiwa kipande cha jicho la mtu aliyekufa. Na kitambo hicho ndicho ambacho katika nyumba nyingi hutumiwa kumgombeza mtoto.

Natuanze kwa kueleza jicho lilivyo. Mbele kabisa, juu ya lile duara jeusi, Mwenyezi Mungu ameweka kioo kilicho safi, nacho huitwa konea. Watu wengi hawajui kwamba kipo, kwa kuwa usafi wake wawadanganya, kama mtu asivyoliona tone la maji safi juu ya jani mpaka limulikwe na jua. Katikati unene wake ni kama nusu ya milimita, yaani karatasi tano hivi za daftari zikiwekwa pamoja. Hakina mishipa ya damu hata mmoja, maana damu ingezuia mwanga. Tena kazi ya kuupinda mwanga ili upate kukusanyika nyuma ya jicho, theluthi mbili zake hufanywa na kioo hiki. Ile lenzi ya ndani, ambayo wazee huota mtoto wa jicho, hufanya sehemu iliyobaki.

Konea imefumwa kwa nyuzi ndogo sana za kitu kiitwacho kolajeni, tabaka juu ya tabaka, kama mkeka uliosukwa na fundi. Katika ugonjwa huu nyuzi zalegea. Fikirini kikapu ambacho kitako chake kimechakaa: mzigo ni ule ule wa jana, lakini kitako chaanza kufanya tumbo. Ndivyo ilivyo konea. Maji yaliyo ndani ya jicho yaisukuma kwa nguvu ile ile ya siku zote, lakini mahali palipolegea, aghalabu katikati au chini kidogo, pazidi kuwa pembamba na kutokeza mbele, hata konea ikiisha kupoteza uduara wake ikafanana na ncha ya pia.

Mwanga ukipita katika kioo kilichopotoka hauwezi kukusanyika mahali pamoja. Mtu huona herufi moja kama mbili au tatu, moja nzito na nyingine kama vivuli vyake. Taa za gari usiku humtokea zikiwa na mikia na mataji ya mwanga. Miwani humsaidia mwanzoni, lakini miwani hurekebisha kosa lililonyooka, si kosa lenye mabonde na vilima. Na kwa kuwa jicho lazidi kubadilika, miwani ya Januari yawa kitu kigeni mwezi wa Juni. Wasomaji wa Injili ya Marko watamkumbuka yule mtu wa Bethsaida, ambaye baada ya kuguswa mara ya kwanza aliwaona watu, lakini walikuwa kama miti inayokwenda. Hatusemi kwamba alikuwa na ugonjwa huu. Lakini mzazi atakaye kujua mtoto wake anaona nini, na afikiri ule muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Si kipofu, wala haoni. Ndiyo sababu watu hawamsadiki: wamemwona akiokota sindano chini, basi wasema kwamba macho yake ni mazima na moyo wake ndio mvivu.

Ugonjwa huu huanza aghalabu wakati wa kubalehe, mara nyingine mapema zaidi, nao huendelea hata miaka ya thelathini au arobaini, ndipo husimama wenyewe kwa watu wengi, kwa sababu nyuzi za konea hukaza kadiri mtu anavyoongeza umri. Anayeupata akiwa mtoto mdogo ndiye aliye katika hatari kubwa, maana jicho lake lina miaka mingi ya kuchongoka mbele yake. Huyapata macho yote mawili, ila moja hutangulia. Na jicho zuri humficha mwenzake mbaya, mtoto asijue ana tatizo mpaka la pili nalo lianze. Hauambukizi. Nyumba nyingine huwa nao katika ukoo, basi akipatikana mmoja, ndugu zake wa tumbo moja nao wapelekwe kupimwa.

Zamani ulidhaniwa kuwa wa watu wachache mno. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, hesabu iliyotolewa mwaka 1986 ilionyesha wagonjwa 54 hivi katika kila watu 100,000. Mwaka 2017 madaktari wa Uholanzi walihesabu upya, wakaona ni mtu 1 katika kila 375. Na huko Riyadh, katika Saudia, watoto na vijana walipopimwa kwa mashine za sasa, habari ikatolewa mwaka 2018, walikutwa nao karibu 5 katika kila 100. Twaona mambo mawili hapa: vyombo vya kupimia vimekuwa bora, na nchi za joto na vumbi zina wagonjwa wengi kuliko nchi za baridi. Nasi tu watu wa joto na vumbi.

Vumbi latuleta kwenye mkono wa mtoto. Wako watoto wengi katika nchi zetu, wavulana kuliko wasichana, ambao macho yao huwasha mwaka hata mwaka kwa sababu ya mzio. Weupe wa jicho hugeuka rangi ya udongo, tongotongo hutoka kama uzi, na mtoto hukimbia jua. Mtoto wa namna hii hawezi kuona raha asipofikicha. Na kila afikichapo kwa kifundo cha kidole aisukuma na kuikunja ile konea, mara kumi, mara mia, siku zote za utoto wake. Madaktari wote wakubali kwamba kufikicha kwaongeza ugonjwa huu, na wako wasemao kwamba ndiko kunakouanzisha. Basi mama, ukimwona mwanao afikicha, usimpige mkono na kumwambia acha, kwa maana umemkataza kukuna bila kumwondolea upele. Chovya kitambaa safi katika maji ya baridi, kikamue, umwekee juu ya kope zilizofumbwa. Mwoshe uso atokapo kucheza. Kisha mpeleke akapewe dawa ya mzio, naye akiisha kupata nafuu mkono wake utaacha wenyewe.

Hapa twataka kusema neno kwa ukali kidogo. Yako matone ya macho yauzwayo madukani pasipo cheti cha daktari, ambayo ndani yake mna steroidi. Ni dawa njema mikononi mwa daktari. Hukata muwasho kwa siku mbili, jicho likawa jeupe, mama akafurahi, akanunua chupa ya pili na ya kumi. Lakini yakitumika miezi mingi pasipo kupimwa, yaweza kuongeza nguvu ya maji ndani ya jicho hata kuua mshipa wa kuonea, jambo liitwalo glakoma. Tena huleta mtoto wa jicho kwa kijana asiyefika hata miaka ishirini. Keratokonasi yenyewe kwa kawaida haimfanyi mtu kuwa kipofu kabisa. Glakoma yafanya hivyo, na nuru iliyoondolewa nayo hairudishwi na mtu. Kwa hiyo chupa ya dukani itazameni. Kama imeandikwa deksamethasoni au predinisoloni, wala hakuna daktari aliyeiagiza, msiitie.

Juu ya uchawi hatutasema mengi, kwa kuwa ninyi mliobatizwa mmekwisha fundishwa. Wanafunzi wa Bwana walipomwona yule mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake, naye aliyakataa yote mawili. Kama neno lile lilitosha kwa kipofu wa Yerusalemu, latosha kwa mvulana wa darasa la sita. Wala hakuharibiwa na kusoma kwa taa ndogo, wala na vitabu vingi. Tumesikia wazazi waliomtoa mtoto shuleni ili macho yapumzike. Jicho hili halipumziki kwa kuachwa bure. Wamempunguzia elimu tu.

Na wako wanaotuuliza kama kwenda hospitali ni upungufu wa imani. Luka alikuwa tabibu, wala hatusomi popote kwamba Paulo alimwona aibu. Ombeni, na nauli iandaliwe.

Sasa mwalimu aweza kufanya nini kabla ya safari? Aweza mengi, wala hahitaji chombo. Amfunike mtoto jicho moja kwa kiganja, pasipo kulibonyeza, amwonyeshe ubao wa namba za nyimbo kanisani au mwezi mbinguni. Kama jicho moja peke yake laona miezi miwili au namba zenye vivuli, kosa limo katika jicho lile lenyewe. Maana yule aonaye vitu viwili kwa sababu macho yake hayaendi pamoja, akifunikwa jicho moja huona kimoja. Afanye hivi kwa kila jicho. Kisha achukue kipande cha karatasi ngumu, akitoboe kwa sindano tundu dogo la milimita moja, mtoto atazame ubao kupitia tundu lile. Kama aona vizuri zaidi, ni dalili kwamba nyuma ya jicho ni pazima na kosa li mbele, katika kupindwa kwa mwanga. Si uthibitisho wa keratokonasi, maana hata yule anayehitaji miwani tu atafaidiwa na tundu. Lakini ni uthibitisho kwamba mtoto hasemi uongo, na tumeona mara nyingi kwamba hilo ndilo linalohitajika kwanza nyumbani.

Wakati wa kungoja, mketishe mbele, mwandikie kwa herufi kubwa na chaki nyeupe, na mitihani achapiwe kwa maandishi makubwa. Wala asiitwe kwa lile jina la utani.

Huko hospitali itakuwaje? Daktari wa macho atamulika jicho kwa taa ya kupimia, na mara nyingine ule mwanga uonekanao ndani ya mboni hucheza kama mikono ya mkasi inayofungwa na kufunguliwa. Mwenye uzoefu huutambua ugonjwa kwa hilo tu. Ikiwapo mashine ya kuchora konea, itatoa picha yenye rangi kama ramani ya nchi, mahali palipoinuka pakiwa pekundu na palipo chini pakiwa buluu, pamoja na unene wa kila mahali. Haiumi wala haigusi jicho. Ramani ya kwanza itunzwe sana, kwa sababu ile ya pili, baada ya miezi michache, ndiyo itakayoonyesha kama jicho lasimama au lakwenda.

Kama lakwenda, iko kazi ya kulisimamisha, nayo ndiyo habari kubwa ya ukurasa huu. Ilibuniwa katika mji wa Dresden, Ujerumani, na matokeo ya kwanza kwa wagonjwa yalichapishwa mwaka 2003 na madaktari Wollensak, Spoerl na Seiler. Jicho hutiwa ganzi, mgonjwa yu macho. Ule utando wa juu kabisa wa konea huondolewa. Kisha kwa nusu saa hutiwa matone ya riboflavini, ambayo ndiyo vitamini B2, na baadaye huangaziwa kwa nusu saa nyingine mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho. Siku hizi ziko taa zinazomaliza kwa dakika chache zaidi. Vitamini na mwanga vikikutana, nyuzi za kolajeni hufungamana, kila moja ikimshika mwenzake, na konea hukazika, kama daktari wa meno agandishavyo kijazo cha jino kwa taa yake. Kwa ufupi jicho la kijana hupewa kwa saa moja ule ukavu ambao lingeupata kwa kuzeeka.

(Asije mtu akasoma kwamba vitamini B2 imo katika maziwa na mayai, akamnywesha mtoto maziwa na kumketisha juani. Maziwa ni mema kwa mambo mengine.)

Siku tatu nne za kwanza zina maumivu makali, na mtoto aambiwe mapema. Jicho hufungwa kwa lenzi laini mpaka utando uote tena, na matone ya kuzuia wadudu lazima yatiwe kwa saa zake, kwa kuwa jicho lililovuliwa utando laweza kuingiwa na uchafu. Kwa wiki au miezi kadhaa huona kama katika ukungu. Nasi lazima tuseme wazi ili msije mkamlaumu daktari: kazi hii haimrudishii mtu macho ya zamani. Husimamisha. Anayefika akiona nusu, hubaki na nusu yake, na wachache hupata nafuu kidogo juu ya hiyo. Huko Uingereza watoto wa miaka 10 hata 16 waligawanywa makundi mawili, habari yao ikatolewa mwaka 2021. Baada ya miezi kumi na minane, katika 30 waliofanyiwa kazi hii ugonjwa uliendelea kwa 2. Katika 28 waliotunzwa kwa miwani na lenzi tu, uliendelea kwa 12. Miezi kumi na minane! Ni muda ule ule ambao mvulana wa barua yetu alibadilishiwa miwani mara tatu. Na konea ikiisha kuwa nyembamba mno, kazi hii yaweza kukataliwa, maana mwanga ungeumiza utando wa ndani.

Aliyekwisha kuchongoka jicho, naye ana msaada. Mwaka 1888 daktari Adolf Eugen Fick, huko Zürich, alieleza vioo vidogo vya kuvaa juu ya jicho lenyewe, na miongoni mwa wagonjwa aliowafikiria walikuwa hawa hawa. Vya siku hizi si vya kioo tena. Ni lenzi ngumu zinazopitisha hewa. Lenzi huketi mbele ya konea iliyopotoka, machozi hujaza mabonde yaliyo kati, na mwanga hukuta uso mmoja ulio laini. Ziko ndogo, na ziko kubwa zinazoegemea weupe wa jicho bila kugusa ncha. Tumekutana na watu ambao kwa miwani hawakusoma hata Zaburi za chapa kubwa, na kwa lenzi wakasoma tanbihi za Biblia. Walakini hazizuii ugonjwa kuendelea, tena zataka usafi wa kiserikali. Zisioshwe kwa maji ya bomba wala ya kisima, wala zisilowanishwe kwa mate kama tulivyoona watu wakifanya. Majini mna vijidudu vinavyoweza kuila konea. Zioshwe kwa dawa yake, mikono ikiwa mikavu, wala asilale nazo.

Mara moja moja utando wa ndani wa konea hupasuka ghafula. Maji huingia, na jicho hugeuka jeupe kwa saa chache likiuma. Watu husema jicho limepasuka. Halikupasuka, na aghalabu hutulia baada ya wiki au miezi, likiacha kovu; ila apelekwe hospitali upesi, wala lisitiwe maziwa ya mama, wala maji ya majani.

Wachache, ambao konea zao zimeingia kovu au hazichukui lenzi, hupandikizwa. Kazi hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyofikiri. Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, ambao leo umo katika nchi ya Cheki, daktari Eduard Zirm alimshonea kibarua aliyeunguzwa macho kwa chokaa konea iliyotoka katika jicho la mvulana, jicho ambalo lilikuwa limeumia na kuondolewa; na jicho moja la kibarua yule likaona. Leo daktari aweza hata kubadili tabaka za mbele tu, akiuacha utando wa ndani wa mgonjwa mwenyewe, na hivyo mwili hukataa kwa nadra zaidi. Nyuzi za kushonea ni nyembamba kuliko unywele, nazo hukaa mwaka au zaidi. Aliyepandikizwa akiona jicho limekuwa jekundu, au lauma, au laogopa mwanga, au nuru yapungua, asingoje kesho. Tena asidhani ameiaga miwani. Wengi huihitaji bado.

Konea hizo zatoka wapi? Zatoka kwa wafu, tena ni wachache sana. Hesabu ya mwaka 2012 ilipata watu 184,576 waliopandikizwa katika nchi 116, na kwamba konea moja ilipatikana kwa kila wagonjwa 70 hivi wenye haja. Nchi ya Sri Lanka, ambayo watu wake wengi ni wa dini ya Budha, ina chama cha kutoa macho tangu mwaka 1961, nacho kimepeleka konea katika nchi nyingi za dunia. Nasi Wakristo twasitasita. Tumeulizwa na wazee, tena kwa machozi, kama mtu aliyezikwa pasipo konea atafufuka akiona. Twawajibu: ndugu zetu waliokufa baharini na walioteketea motoni, Bwana atawakosa? Kinachoondolewa ni kijisahani chembamba kama ukucha, kope hufumbwa, na wafiwa hawaoni tofauti usoni. Paulo aliwashuhudia Wagalatia kwamba kama ingewezekana wangeling'oa macho yao wakampa. Kwao haikuwezekana. Yatakayo kufanya hivyo na aseme sasa mbele ya jamaa zake akiwa hai, kwa sababu konea huchukuliwa katika saa chache baada ya kufa, nao ndio watakaoulizwa siku hiyo, katikati ya kilio, na wasipojua mapenzi yake watakataa.

Mwalimu wetu atuuliza mwisho ampeleke wapi. Katika Tanzania ziko idara za macho katika hospitali ya KCMC huko Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na ya CCBRT huko Dar es Salaam. Katika Kenya iko hospitali ya Kikuyu, ambayo asili yake ni misheni ya Waskoti. Si kila mahali pana kila chombo, wala gharama si ndogo, basi ulizeni kwanza kwa simu mahali palipo karibu nanyi, mtaje neno keratokonasi, muulize kama wana mashine ya kuchora konea na kama wanafanya ile kazi ya riboflavini. Kama ushirika waweza kuchanga nauli, mzee wa kanisa aongozane na baba wa mtoto. Tumeona baba mkali akilainika alipoonyeshwa ile ramani nyekundu ya jicho la mwanawe.

Mtoto apewe barua fupi ya kuchukua. Iandikwe umri wake; mwaka na mwezi alioanza kulalamika; ni jicho lipi lililotangulia; kama macho huwasha, na dawa zote alizotiwa, pamoja na chupa zenyewe; kama yuko mtu wa ukoo mwenye macho ya namna hiyo. Na miwani yake yote ya zamani, hata ile iliyovunjika, ifungwe katika kitambaa iende pamoja na barua, kwa kuwa daktari aweza kuipima mmoja mmoja akaona jicho lilivyokwenda tangu ya kwanza hata ya mwisho.